Shule ya Bure Ililipwa na Nani?

Mwezi uliopita tuliitwa mkutano wa wazazi na walimu, nje ya darasa la mwisho, hapa kambini kwetu mkoani Kigoma. Jambo lilikuwa moja tu. Kila mzazi atoe shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila mtoto anayesoma, ili walimu wasiendelee kuondoka. Motisha tunayopewa ilikuwa imepunguzwa, na walimu wawili walikuwa wameshaacha chaki wakaenda kutafuta vibarua vya kulima. Mimi ni mwalimu. Pesa hiyo ingeingia mfukoni mwangu, na sitadanganya, mfuko wangu ni mtupu. Lakini nilisimama nikasema sikubali, na mpaka leo kuna wenzangu wanaonisalimia kwa kichwa tu.

Mwenyekiti alinipa dakika tatu, akanikata kwenye mbili. Kwa hiyo naandika hapa yale yaliyobaki.

Aliyeongea kabla yangu ni mzee mmoja ninayemheshimu sana, mtu wa Fizi kama mimi. Alisema, "Ndugu zangu, cha bure hakina thamani. Mzazi akitoa kidogo, na mtoto atasoma kwa bidii." Watu wakapiga makofi. Hata mikono yangu mimi ilitaka kwenda, kwa sababu ni neno tamu na tumelisikia tangu utoto.

Sasa tulitazame hilo neno. Kiswahili chetu kina mtego hapo. "Bure" ni kitu usichokilipia, na "bure" hiyohiyo ni kitu kisicho na faida. Nimetembea bure, nimesema bure, yule ni mtu bure tu. Mtoto akisikia kwamba shule yake ni ya bure, anasikia mambo mawili kwa mara moja. Labda ndiyo sababu ndugu zetu Watanzania wanapenda kusema "elimu bila malipo". Zanzibar wanaikumbuka mpaka leo tarehe 23 Septemba, siku ambayo elimu bila malipo ilitangazwa mwaka 1964. Hilo ni neno zuri zaidi, ingawa nalo linaficha kitu. Malipo yapo. Ila hayadaiwi pale mlangoni mwa darasa.

Na kama kweli cha bure hakina thamani, nenda bombani saa kumi alfajiri. Utakuta ndoo zimepangwa tangu usiku, nyingine hakuna hata ndoo, kuna jiwe tu limewekwa kuonyesha kwamba nafasi ina mwenyewe. Maji yale hayauzwi. Wale akina mama wanagombania nini, kitu kisicho na thamani? Siku ya chanjo je? Sijawahi kuona mama anarudisha chanjo ya polio kwa sababu hakuilipia. Nimewachunguza watu wanaopenda neno hilo, na mara nyingi wanalisema juu ya kitu ambacho mwingine ndiye anakihitaji. Mwenye gari hadharau barabara ya lami kwa kuwa hakulipa chochote alipoikanyaga.

Halafu hili la kwamba sisi hatulipi. Kule nyumbani tulilipa sokoni, tulilipa mtumbwi ulipofika ufukweni, tulilipa kwenye kizuizi cha kamba, tulilipa kwa mwenye kalamu na kwa mwenye bunduki. Tatizo letu halikuwa kukosa kulipa. Na hapa nikinunua sabuni dukani, VAT ya asilimia 18 imeshaingia kwenye bei tangu ilipotoka kiwandani. Muuza duka haniulizi kama nina kitambulisho cha mkimbizi ili anipunguzie.

Lakini sababu yangu kubwa ya kukataa haitoki kwenye hesabu za kodi. Inatoka kwenye jambo nililolifanya mimi mwenyewe.

Nilianza kufundisha mwaka 2003, shule ya msingi ya kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Jina langu halikuwa kwenye orodha ya mishahara ya Kinshasa. Nilikula kutoka kwa wazazi, kwa ile pesa iliyoitwa prime, sisi tulisema primu. Vijana waliozaliwa hapa kambini hawajui ilikotoka, basi niwaambie. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Mobutu, mishahara ya walimu ilikuwa imemezwa na bei za vitu. Walimu waligoma, shule zikafungwa miezi mingi. Ndipo wazazi na makanisa, ambayo ndiyo yanayoendesha sehemu kubwa ya shule za serikali kwetu, wakakubaliana kwamba wazazi watoe kiasi kidogo cha kumtia mwalimu moyo, mpaka serikali isimame tena. Walikuwa watu wazuri wenye nia nzuri. Walitaka watoto warudi darasani, na watoto walirudi. Lilikuwa jambo la dharura. Dharura hiyo ilidumu zaidi ya miaka 25.

Kwa nini ilidumu? Kwa sababu ilifanya kazi. Mzazi alipoanza kumlipa mwalimu, serikali iliona kwamba shule inaenda bila yenyewe kulipa, na mtu anayeweza kusahau deni lake bila kusumbuliwa atalisahau. Halafu ile pesa ikaanza kupanda ngazi. Sehemu ilibaki kwa direkta, sehemu ilienda ofisi ya juu yake, na ile ya juu nayo ikakata yake. Baada ya miaka michache hapakuwa na mtu ofisini aliyetamani primu iishe. Mzazi alidhani anamlisha mwalimu, kumbe alikuwa analisha ngazi nzima.

Kila mwisho wa mwezi direkta alinipa karatasi ya majina. Kazi yangu ilikuwa kuyasoma, na aliyesomwa atoke. Tuliita "kufukuza", kama vile kuku wameingia jikoni. Darasa la nne nilikuwa na mtoto wa kiume aliyekaa mstari wa tatu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Baba yake alikuwa mvuvi ambaye nyavu zake zilichukuliwa na wanajeshi. Mwezi wa kwanza nilisoma jina lake, akatoka analia. Mwezi wa pili alitoka bila kulia. Mwezi wa tatu niliingia na karatasi mkononi, na kabla sijasoma hata jina moja alisimama, akafunga daftari, akatoka mwenyewe. Niliendelea na somo. Tulikuwa kwenye sehemu, nusu na robo.

Miaka mingi baadaye nilikutana na dada yake hapahapa kambini, kwenye foleni ya posho. Nilimuuliza habari za mdogo wake. Akasema, "Yuko Misisi, Mwalimu, kwenye mashimo ya dhahabu." Aliniita mwalimu kwa heshima kabisa. Sikuuliza zaidi.

Sikuwa mwalimu mbaya. Hilo ndilo linalonisumbua. Nilikuwa na watoto wangu wawili nyumbani wanaosubiri unga. Ada ya mlangoni inamchukua mwalimu mwenye njaa na kumtuma akadai kwa mzazi mwenye njaa, na yule anayedaiwa na wote wawili hayumo chumbani. Mwalimu anamchukia mzazi, mzazi anamchukia mwalimu, na mtoto anajifunza kutoka kabla ya kuitwa.

Desemba 2005 tulipiga kura ya maoni ya katiba mpya. Nilipiga ndiyo, kama karibu kila mtu wa kwetu, kwa sababu tulitaka vita viishe. Sikujua kwamba mle ndani kuna kifungu cha 43 kinachosema elimu ya msingi ni ya lazima, na katika shule za serikali ni bila malipo. Katiba ikatangazwa Februari 2006. Mwisho wa mwezi huo nilisoma karatasi ya majina kama kawaida.

Kifungu kile kilikaa miaka 13 kama nguo ya sikukuu sandukuni. Shule zilipofunguliwa Septemba 2019 ndipo serikali ya Rais Tshisekedi ilipoanza kukitekeleza kwa nchi nzima. Mimi nilikuwa nimeshavuka ziwa. Tulisikia kwenye redio, na hapa kambini watu wakasema, "Rais ametupa zawadi." Hapo ndipo ninapogombana na ndugu zangu. Huwezi kupewa zawadi ya kitu kilichoandikwa kwenye sheria ambayo wewe mwenyewe uliipigia kura. Na kifungu hakikuamka chenyewe. Kiliamshwa na walimu waliogoma Septemba baada ya Septemba na kuitwa wavivu, na vyama vyao, na wazazi waliokataa kulipa watoto wao wakafukuzwa, na watu waliokuwa wanasoma kifungu cha 43 kwa sauti mbele ya wakubwa ambao hawakutaka kukisikia. Mgombea anapotafuta ahadi ya kutoa, huiokota pale ambapo watu wameshapiga kelele kwa muda mrefu.

Haya, nisiifanye hadithi tamu. Rafiki yangu aliyebaki kule alinitumia picha ya darasa lake mwezi wa kumi mwaka ule. Benchi la watoto watatu lina sita, wengine wako chini, wengine dirishani. Watoto wakubwa wa miaka 14 walirudi darasa la tatu. Walimu wa mijini walipoteza primu kabla mshahara mpya haujafika, wakagoma. Walimu wengi walibaki nje ya orodha, kama nilivyokuwa mimi. Wale waliopenda mambo ya zamani wakasema, mnaona? Cha bure! Mimi kwenye picha ile niliona kitu kingine. Niliona hesabu ya watoto tuliokuwa tumewafukuza. Walikuwapo siku zote, ila hawakuwa kwenye picha.

Jirani yangu hapa ni mama wa Burundi. Yeye alinifundisha kuhusu hospitali. Alijifungua mtoto wake wa kwanza kwa kupasuliwa, katika hospitali ambayo hapendi kuitaja, na kwa kuwa hakuwa na pesa alizuiliwa wodini wiki tano na kichanga chake. Hakuwa mgonjwa tena. Alikuwa rehani. Mambo hayo yalikuwa ya kawaida Burundi miaka ile, na waliotetea haki za watu waliyaandika mpaka dunia ikasoma. Tarehe 1 Mei 2006 Rais Nkurunziza alitangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto chini ya miaka mitano yatakuwa bila malipo. Wakajaa hospitalini, dawa zikaisha, wauguzi wakalalamika, fedha za serikali zikachelewa kufika. Ilichukua mpaka mwaka 2010 kuwekwa utaratibu wa nchi nzima ambao kituo cha afya kinalipwa kwa kazi kiliyoifanya. Mtoto wa pili wa jirani yangu alizaliwa katika huo utaratibu. "Huyu," ananiambia akimwonyesha kwa kidole, "huyu tulitoka naye siku ya tatu."

Kwa hiyo nikiulizwa, je, kutangaza tu kunatosha? Hapana. Bure isiyokuwa na mfuko nyuma yake ni deni analobebeshwa mwalimu au muuguzi. Ndiyo maana anayetetea huduma ya umma lazima atetee na pesa yake, tena kwa kelele zilezile. Na hata ikipatikana inaweza kurudi nyuma. Tanzania hapa ilifuta ada ya shule ya msingi miaka ya 1970. Baadaye yakaja masharti ya wakopeshaji na lugha ya "kuchangia gharama", ada ikarudi. Ikafutwa tena mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ikafutwa mpaka kidato cha nne. Mzee wa Kasulu aliyeanza kusoma bila ada aliweza kuwa na mtoto aliyefukuzwa kwa ada na mjukuu anayesoma bila ada, wote nyumba moja.

Sasa nije kwetu, na wewe unayesoma hii ukiwa umevaa fulana ya shirika, usikimbie.

Tulizoea kusema msaada unatoka "kwa wahisani", kama vile mvua inavyotoka juu. Hautoki juu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, linaishi kwa michango ya hiari tu, na UNHCR karibu yote ni hivyohivyo. Sehemu kubwa ya michango hiyo ni ya serikali, yaani ni kodi ya dereva wa basi na muuguzi wa nchi ambayo hatutaiona. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufika Julai 2025 shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Yule dereva hakuulizwa. Sisi pia hatukuulizwa. Tulijua kwa kipimo cha posho.

Nimefikiri sana juu ya hilo. Watu wanaosema kule kwao kwamba msaada unaleta uvivu ndio haohao wanaosema hospitali ya umma na chakula cha shule kwa watoto wao maskini vinaleta uvivu. Neno ni lilelile la mzee wetu wa Fizi, limevaa suti. Wanaanza kukata kwetu kwa sababu sisi hatuna kura kule. Kwa hiyo muuguzi anayeandamana huko kutetea hospitali yake simwoni kama mtu wa mbali, hata kama hajui kama kuna mahali panaitwa Kigoma.

Lakini kuna tofauti ambayo lazima tuiseme. Shule ya Kongo niliyoipigia kura naweza kuidai. Posho siwezi kuidai kwa namna hiyo, nikipewa nasema asante, nikipunguziwa nasema asante kwa iliyobaki. Naamini kushukuru ni adabu, na mama yangu angenipiga kama ningepokea bila kushukuru. Ila shukrani isitufanye tusahau kwamba baadhi ya hivi tunavyopewa tayari vina karatasi. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, unasema katika kifungu cha 22 kwamba mkimbizi apate elimu ya msingi sawa na raia. Sawa na raia. Kama mtoto wa kijiji cha jirani hafukuzwi kwa ada, wetu afukuzwe kwa sababu gani, tena na sisi wenyewe?

Hayo ndiyo niliyotaka kusema kwa dakika tatu.

Mwenyekiti alinijibu kwamba mchango utakuwa wa hiari. Nikamuuliza, majina ya waliotoa yataandikwa? Akasema lazima yaandikwe, kwa uwazi. Basi. Mchango wa hiari wenye listi ya majina naujua. Mtu wa kwanza kuisoma listi ile darasani atakuwa mimi.

Nilipendekeza mambo yaliyokuwa karibu na uwezo wetu. Wazazi wafanye msaragambo, wafyatue matofali, wakandike ukuta unaobomoka, na asiyekuja asiadhibiwe kupitia mtoto. Mwenye kuku akimletea mwalimu yai, ni yai, si ada. Na tuandike barua kwa wote wanaohusika, tuseme kwamba fedha za walimu zisiwe za kwanza kukatwa, na tuombe tuonyeshwe bajeti ya shule yetu, kiasi kilichoingia na kilichotumika. Sisi si watoto, tunaweza kusoma namba.

Akasimama mama mmoja mwenye watoto wanne shuleni. Nilidhani ataniunga mkono, maana kwake ingekuwa shilingi 8,000. Akaniuliza, "Mwalimu, na wasipojibu hiyo barua? Wewe utakula nini, na mwanangu atafundishwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilisema tutaandika ya pili. Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Nikakaa.

Kura zilipigwa kwa mikono. Mchango ulishindwa, lakini kwa watu wachache sana, na mzee wa Fizi alinijia baadaye akasema, "Mdogo wangu, umeshinda, sasa tuone hao walimu utawatoa wapi." Ana haki ya kusema hivyo. Mwalimu wa tatu aliondoka wiki iliyofuata, mwalimu mzuri wa hesabu, na simlaumu. Barua tumeiandika, kurasa mbili, imepigwa mihuri ya zoni zote. Madarasa mawili yameunganishwa, na nimepewa mimi.

Jumatatu nilihesabu watoto 131. Mmoja alikuja amechelewa, hana kalamu wala daftari, akasimama mlangoni ananitazama, mguu mmoja umeshageuka nje. Nikamwambia aingie, akae pale mstari wa tatu wasogee.